Je, Msalaba Unamtaka Mkristo Aiweke Akili Yake Kando?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Wenzangu wengi kazini ni Waislamu na tunaheshimiana sana. Hivi karibuni mmoja wao, mtu mzima aliyesoma, aliniuliza bila dhihaka yoyote: Mungu mwenye hekima yote alikosa njia nyingine, hata akachagua kifo cha aibu cha msalabani? Sikuwa na jibu. Nilipolipeleka swali hilo kwa kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, aliniambia kwamba kuuliza ni hekima ya kibinadamu, kwamba msalaba ni upumbavu wa Mungu, na kwamba anayetaka kuuelewa amekwisha kuukana. Kiongozi huyo huyo amemwambia mama mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari kuwa kumeza dawa ni kutegemea akili za watu, na sasa mama huyo amevifunga vidonge vyake katika leso na kuviweka juu ya kabati. Andiko analolitumia ni Wakorintho wa Kwanza 1:18-25. Baada ya mambo ya Shakahola, ambako watu walikufa kwa njaa kwa kufuata mahubiri, naogopa kunyamaza. Je, hayo ndiyo aliyoyasema mtume Paulo?

JIBU: Mwalimu mpendwa katika Bwana, amina. La, Paulo hakuyasema hayo. Na kwa kuwa ndani ya swali lako yumo mgonjwa, nianze naye kabla ya kufungua Biblia: mama huyo na aende kliniki leo, amweleze daktari kwa uwazi kwamba aliacha dawa na kwa muda gani, naye daktari ndiye atakayemwambia aanze tena kwa kiasi gani. Hapo hapahitaji tafsiri ya andiko, na wewe usingoje kumaliza kusoma majibu yangu ndipo uende kumwambia.

Sasa tuje kwenye andiko. Korintho ilikuwa mji wa bandari mbili, Kenkrea upande wa mashariki na Lekaioni upande wa magharibi. Warumi waliuharibu mwaka 146 kabla ya Kristo, nao ukajengwa upya kwa amri ya Julio Kaisari mwaka 44 kabla ya Kristo, ukakaliwa na watu wa kila asili, wengi wao wakiwa watumwa walioachwa huru na wafanya biashara waliotajirika upesi. Watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana mji wa namna hiyo. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu, akishona hema pamoja na Akila na Prisila, wakati Galio alipokuwa liwali wa Akaya, yaani kama mwaka 51. Alipoondoka, waumini waligawanyika, huyu akisema, “Mimi ni wa Paulo,” na yule, “Mimi ni wa Apolo,” na mwingine, “Mimi ni wa Kefa,” yaani Petro. Apolo alikuwa mtu wa Aleksandria, hodari wa kusema, na inaelekea kwamba kwa baadhi yao uhodari ule wa kusema ulikuwa umegeuka kuwa ndio imani yenyewe.

Hilo ndilo gomvi lililomfanya Paulo aandike juu ya hekima, na anayeisoma sura ya kwanza kuanzia aya ya 18 bila kuzisoma aya ya 10 hadi 17 ameokota jawabu la swali asilolijua. Paulo hawagombezi Wakorintho kwa kuuliza, wala kwa kusoma, wala kwa kwenda kwa matabibu. Anawagombeza kwa kujisifia watu. Ndiyo maana hoja yote inaishia kwa maneno ya nabii Yeremia, “Aonaye fahari na aone fahari juu ya Bwana,” na sura ya tatu inarudia kwamba mtu asijisifie wanadamu. Hata maneno makali yaliyo katika aya ya 19, “Nitaiharibu hekima yao wenye hekima,” yametoka Isaya 29, na ukisoma mbele kidogo, sura ya 30 na ya 31, utakuta wenye hekima wanaolaumiwa ni washauri wa Yuda waliokuwa wakipanga kwa siri kukimbilia Misri wapate farasi na magari ya vita, wakimficha Bwana shauri lao. Ni werevu wa wakubwa wanaojiona wamemaliza kila kitu.

Mtume huyo huyo, katika waraka huo huo, sura ya 14 aya ya 20, ameandika, “Ndugu zangu, msiwe watoto katika akili zenu.” Kiongozi wenu na aulizwe aya hii anaiweka wapi. Tena Paulo alisafiri na Luka, ambaye katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa, na alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba tumbo likimuuma ni kwa sababu ameukana msalaba.

Mwenzako kazini anastahili jibu refu zaidi, maana swali lake ni la kweli na lina umri mkubwa. Katika dola ya Kirumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, watu wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara iendayo Roma. Cicero, msemaji mkubwa wa Warumi, alidai kwamba hata jina lenyewe la msalaba liwe mbali na macho, masikio na mawazo ya raia wa Kirumi. Kwenye kilima cha Palatino huko Roma ulipatikana mchoro uliokwaruzwa ukutani: mtu mwenye kichwa cha punda amesulubiwa, chini yake amesimama mwingine ameinua mkono, na maneno ya Kiyunani yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Hivyo ndivyo imani yetu ilivyoonekana kwa watu wenye akili timamu. Kwa Wayahudi jambo lilikuwa zito zaidi kuliko kucheka, kwa kuwa Torati, katika Kumbukumbu la Torati 21:23, imesema aliyetundikwa amelaaniwa na Mungu.

Lakini angalia, mwalimu, kwamba wa kwanza kuukataa msalaba hakuwa Myunani wala mpinzani. Alikuwa Petro. Bwana alipowaambia wanafunzi kwamba atateswa na kuuawa, Petro alimchukua kando akaanza kumkemea, “Hasha, Bwana, hayo hayatakupata.” Alisema hivyo kwa mapenzi na kwa heshima. Mimi naamini Mwislamu mcha Mungu anayesema haiwezekani Nabii Isa aachwe mikononi mwa adui zake yuko karibu zaidi na Petro kuliko yule aliyekwaruza ukuta Palatino, na inafaa umjibu kama mtu anayemheshimu Yesu, usimjibu kama mzushi. Jua pia kwamba kwake suala si hekima peke yake. Kurani, sura ya nne aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, kwa hiyo baina yenu kuna tofauti juu ya lile lililotokea, na tofauti hiyo haimalizwi kwa hoja za falsafa wakati wa chai. Unachoweza kumweleza ni kwa nini sisi, tunaoamini kwamba lilitokea, tunaliita hekima.

Na hapo mimi humpeleka mtu kwa Kayafa. Katika Yohana 11 baraza la Wayahudi limekusanyika kwa hofu: mtu huyu anafanya ishara nyingi, watu watamwamini wote, kisha Warumi watakuja watuondolee mahali petu na taifa letu. Kayafa, kuhani mkuu, anasimama na kusema kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, wala lisiangamie taifa zima. Kisiasa hilo ni shauri la busara kabisa. Linahesabu roho moja dhidi ya maelfu, na mtawala yeyote mwenye uzoefu angelitia sahihi. Yohana anaongeza neno la ajabu: Kayafa hakulisema kwa nafsi yake, bali alitabiri. Kauli ni ile ile moja, mtu mmoja afe kwa ajili ya watu; katika kinywa cha Kayafa ni hekima ya wanadamu, na katika shauri la Mungu ni injili. Tofauti iko wapi? Kayafa alikuwa akitoa uhai wa mtu mwingine ili cheo, hekalu na taifa vibaki salama. Kristo alitoa uhai wake mwenyewe. “Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe,” asema katika Yohana 10:18.

Hicho ndicho kiini, kwa kadiri ninavyouelewa waraka huu. Hekima ya dunia, hata ikiwa na elimu, sheria na dini, mwishowe hutafuta mwingine wa kulipa gharama. Pale Golgotha ilikuwepo yote: sheria ya Rumi kwa mkono wa Pilato, dini kwa mkono wa makuhani, na anwani, yaani maandishi yaliyowekwa juu ya kichwa cha Yesu, kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, lugha za watu waliojua mambo. Paulo asema katika Wakorintho wa Kwanza 2:8 kwamba wenye kuitawala dunia hii kama wangaliijua hekima ya Mungu, wasingalimsulubisha Bwana wa utukufu. Mungu akailipa gharama mwenyewe ndani ya Mwanawe, na kwa njia hiyo, kama Warumi 3:26 inavyosema, akawa mwenye haki na mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu. Dhambi haikupuuzwa, na mwenye dhambi hakuangamizwa.

Tena angalia ni nani anayeweza kuifikia hekima ya namna hii. Kama wokovu ungekuwa wa falsafa, ungewafikia waliosoma. Kama ungekuwa wa nguvu, wenye jeshi. Paulo anawakumbusha Wakorintho wajitazame wenyewe, kwamba si wengi wenye hekima, wala wenye nguvu, wala wenye cheo walioitwa. Akili haikufukuzwa hapa. Imepewa mahali pake. Mtu anayetaka kupima kitambaa kwa pishi hapati jibu, na pishi yake haina kosa, kwa maana mchele bado itaupima vizuri. Akili ya kibinadamu hupima sukari iliyomo katika damu, na ni Mungu aliyetupa akili hiyo. Haiwezi kukaa juu ya kiti ikamwamulia Mungu ni kiasi gani cha unyenyekevu kinamfaa.

Kuna jambo la mji wetu ambalo mwenzako huenda analifikiria bila kulitaja. Pale mwambani Malindi, juu ya nguzo ya Vasco da Gama, uko msalaba wa mawe yaliyoletwa kutoka Lisbon, nao umechongwa nembo ya ufalme wa Ureno. Wareno walifika hapa mwaka 1498. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipopita akielekea India, aliandika jinsi alivyofarijika kuona msalaba wa mawe umesimama kwa ushindi katikati ya Waislamu. Simshutumu imani yake, lakini huo haukuwa ushindi anaouzungumzia Paulo. Msalaba wenye nembo ya mfalme ni msalaba uliovikwa hekima ya dunia, na wazee wa pwani hii walipoutazama walikuwa na haki ya kuona bendera. Ukizungumza na mwenzako, likubali hilo bila kuzungushazungusha.

Sasa nirudi kwa kiongozi wenu, na kipimo tunacho tayari. Anasema msalaba ni upumbavu wa Mungu, kwa hiyo watu wasiulize, wasitibiwe. Ni nani anayelipa gharama ya imani hiyo? Si yeye. Ni mama mwenye kisukari. Hapo ametoa mwili wa mwingine ili neno lake yeye lisimame, na hiyo ni hekima ya Kayafa, hata ikisemwa kwa machozi na kwa kufunga. Zaidi ya hayo, anapowakataza watu kufikiri hajaiondoa hekima ya kibinadamu katika kikundi; ameiacha moja tu, ya kwake, na amewafanya watu waseme, “Mimi ni wa fulani,” jambo lile lile lililomfanya Paulo aandike. Katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, watoto wakiwamo. Hukumu ya walioshtakiwa ni kazi ya mahakama. Kazi yetu wahubiri ni kukiri kwamba mafundisho ya kuchukia shule na hospitali yaliweza kutembea hadharani kati yetu yakiwa yamebeba Biblia, na wengi wetu tuliyaita bidii.

Yakobo 3:17 inaitaja hekima itokayo juu kuwa ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema. Tayari kusikiliza: kiongozi asiyeruhusu swali amekwisha kujionyesha. Nenda kwake pamoja na mtu mwingine mmoja, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18, umsomee sura ya kwanza yote pamoja na 14:20. Asiposikia, wapelekee habari wazee wa kanisa na mchungaji wenu, na kikundi kisikutane chini yake mpaka jambo liamuliwe. Ukisikia kwamba kuna mtoto anayenyimwa chakula, shule au matibabu kwa jina la imani, usisubiri kikao chochote cha kanisa. Mwone chifu, afisa wa watoto au polisi siku hiyo hiyo. Na kwa mwenzako, usiende na hoja nyingi. Mwombe muda, msome pamoja Yohana 11:45-53, kisha umuulize yeye anaonaje juu ya Kayafa, nawe umsikilize mpaka amalize.