Watu wanataka nyepesi? Nani kawauliza?

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Malindi, anapiga fidla, yeye na wenzake wanataka kufanya usiku wa muziki wa klasiki, ukumbi wamepata, viti wamepata, sasa wamekwama kwa orodha ya vipande. Aniambia, "Ami, shikamoo. Nusu ya kamati wasema tupige zile tamu tamu ambazo watu wamezisikia kwa filamu na kwa harusi, nusu wasema tukifanya hivo tutakuwa sawa na bendi ya hoteli tu. Wewe uliyepitia wasemaje?" Nikaanza kumjibu kwa watsapu nikaona kidole chauma, nikasema bora niandike hapa, manake najua hayuko peke yake, nyinyi nyote mnaosoma hapa mwataka siku moja msimame mbele za watu mpige kitu cha maana.

Jibu fupi: pigeni ngumu. Refu ndilo hili.

Niliporudi Lamu kutoka Nairobi (habari za masomo nazivuka, hazina utamu) tulikusanyana watu wanne, fidla mbili, viola na selo, tukapata kazi ya kupiga kwenye hoteli moja, jina siliweki, wakati wa chakula cha usiku. Hapo ndipo nilipoujua muziki mwepesi mpaka ndani ya mifupa. Ile serenadi ya Mozart ya mwaka 1787, Eine kleine Nachtmusik, hata kama hujui jina ukiisikia utasema aa hii naijua, tumeipiga mpaka mkono ukawa waenda wenyewe na mimi kichwani nawaza bei ya unga. Mozart hana kosa jamani, kile kitu kimetungwa na mtu anayejua kazi yake, lakini ukikipiga huku mtu anaitisha ndimu ya kamba wake na mwenzake anahadithia safari ya ndege, wewe si mpiga muziki tena, wewe ni feni.

Usiku mmoja tukakubaliana tutie kitu kingine katikati, kipande kimoja cha polepole cha Shostakovich, mtunzi wa Kirusi, dakika chache tu. Hatujakimaliza meneja katuma mhudumu na ujumbe: toeni hiyo ya matanga, wageni wako likizo. Tukatoa. Msimu uliofuata hatukuitwa, akaja jamaa mmoja na kinanda na laptopu yenye ngoma ndani yake, na malipo yetu ya mwisho tulipewa nusu, nusu ya pili mpaka leo twaambiwa mhasibu yuko safarini. Safari gani hiyo isiyofika. Haya, tuyaache. Mimi sijayaacha lakini tuyaache.

Ila pesa haikuniuma kama lile neno la "wako likizo". Kwani mtu akienda likizo masikio anayaacha nyumbani? Na wenyeji je? Wenyeji hata hakuwahesabu. Wengi wanaopanga hizi shughuli wana imani kwamba muziki mzito ni wa Wazungu waliosoma, na hata hao usiwachoshe, na sisi wengine tupewe vya kuchekesha. Sasa fikiria mji wenyewe ni huu, ambao watu wakesha msikitini Riyadha wakati wa Maulidi, kasida hii imalizike ishikwe nyingine, watoto wamelala mapajani mwa mama zao na hakuna anayeondoka. Mji ambao mtu akighani Al-Inkishafi, beti baada ya beti za mauti na majumba ya Pate yaliyobaki magofu, wazee wainamisha vichwa na wala husikii mtu akiomba ifupishwe. Halafu uje uniambie watu hawa hawawezi kukaa na kuarteti moja, yaani kipande kimoja cha wapigaji wanne kama sisi.

Basi tukaamua kufanya wenyewe. Kuna jamaa ana nyumba ya zamani huku kwetu, ule uwanja wa ndani una ukuta mnene na sauti yazunguka vizuri, tukatandika mikeka, tukaweka viti vichache vya wazee, tukaanza baada ya Isha. Mazoezi siwaelezi, ni yale yale, na selo ilifunguka gundi kwa unyevu ikabidi tuikimbize kwa seremala wa majahazi, mzee akaitazama kama mtoto mgonjwa lakini akaiunga na mpaka leo haijafunguka.

Tulianza na Mozart yule yule, sehemu ya kwanza tu, watu waingie, watoe viatu, wasalimiane. Halafu hapo hapo, cha pili, tukaweka Kuarteti ya Nane ya Shostakovich nzima, sehemu zake tano zinazofuatana bila kusimama, kama dakika 20 hivi. Kabla ya kupiga nilisimama nikasema maneno machache sana. Niliwaambia mtu huyu ni Mrusi, aliitunga Julai 1960 kwa siku tatu tu, mahali paitwapo Gohrisch karibu na Dresden, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, na juu yake aliandika kwamba ni kwa ajili ya wahanga wa ufashisti na vita, lakini ndani yake ametia jina lake mwenyewe, D S C H, yaani D ya Dmitri na SCH ya Shostakovich kwa maandishi ya Kijerumani, kwa vile Wajerumani wanavyoziita noti. Nikawapigia zile noti nne peke yake. Nikarudia. Nikawaambia nyinyi mwawajua washairi wetu hujitaja katika beti za mwisho za utenzi, huyu kajitaja tangu mstari wa kwanza na hakunyamaza tena. Nikaona vichwa vyakubali. Nikakaa.

Sasa sikilizeni. Sehemu ya nne yaanza hivi: fidla ya kwanza, yaani mimi, nimeshika sauti moja nyembamba ndefu, halafu wenzangu watatu kwa pamoja wanatoa mapigo matatu mazito, chini, makavu. Kimya kidogo. Tena matatu. Mama mmoja jirani alikuwa amekaa karibu na mlango, mara ya pili ya mapigo akageuka shingo nzima, mkono ushashika buibui, akauliza kwa sauti, "Nani abishao?" Hakuwa anafanya mzaha. Watoto wakaangua kicheko, mzee mmoja akawakanya, "Nyamazani, kweli yuabisha mtu." Mimi nina upinde mkononi siwezi hata kumeza mate. Na wallahi wako wataalamu wa muziki walioandika vitabu wakasema kitu hicho hicho, kwamba hapo ni mlango unagongwa usiku na askari wa siri. Mama wa watu hajasoma kitabu chochote cha muziki, amesikia.

Uwanja ulijaa, wengine walikaa ngazini. Na wageni wa ile hoteli walikuja, hao hao wa likizo, wamekaa kwenye mkeka wamekunja miguu, mmoja alilia. Nayasema haya kwa kujivunia ndiyo, nani atanisemea?

Najua mtaniambia lakini ami, watu lazima waanzie mahali. Sikatai. Tazameni Proms za London, yale matamasha ya muziki wa klasiki, zilianza tarehe 10 Agosti 1895 pale ukumbi wa Queen's Hall, Robert Newman ndiye aliyepanga na Henry Wood ndiye aliyeongoza okestra, kiingilio cha kusimama kilikuwa shilingi moja tu, watu waruhusiwa kula, kunywa, hata kuvuta sigara. Vipande vingi vilikuwa vyepesi, vifupi, vya kuimba imba. Lakini Newman tangu siku ya kwanza alikuwa ashasema anataka kuwapandisha watu polepole, na Wood hakulala hapo, mwaka 1912 akawawekea Schoenberg, mtunzi wa Vienna wa muziki mpya mgumu, vile vipande vyake vitano vya okestra, wakati ambao hata wapiga wenyewe hawakuvielewa. Watu walizomea. Wood akakaza. Miaka miwili baadaye, 1914, Schoenberg mwenyewe akaja London kuviongoza na safari hii watu walimpokea vizuri. Wengi wenu mwaishika ile nusu ya kwanza ya hadithi, mwasema si unaona walianza na nyepesi, halafu mwakaa kwenye nyepesi miaka kumi.

Na nyinyi mlio upande wangu msije mkavimba. Schoenberg huyo huyo na wanafunzi wake mwaka 1918 walianzisha chama chao Vienna cha kusikiliza muziki mpya, ukitaka kuingia uwe mwanachama, orodha ya vipande huambiwi mapema, na kupiga makofi ni marufuku. Marufuku! Mazoezi yao yalikuwa ya hali ya juu, hilo wanasifiwa mpaka kesho, lakini 1921 pesa ziliisha, mambo yakafungwa. Siwashauri huko. Kumpigia mtu kigumu si kumfungia mlango.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Beethoven. Tarehe 8 Desemba 1813, Vienna, tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa, ametoa Simfoni yake ya Saba, kipande kirefu cha okestra nzima, kwa mara ya kwanza, na usiku huo huo ametoa kile kipande chake cha vita vya Wellington, mizinga, bunduki, tarumbeta, kelele tupu. Watu walikipenda cha mizinga kupita kiasi, kikamwingizia pesa nzuri. Lakini watu hao hao, usiku huo huo, waliitaka sehemu ya pili ya simfoni irudiwe, ile ya taratibu, yenye huzuni. Hakuna aliyewalazimisha. Leo simfoni yapigwa kila pembe ya dunia na ile ya mizinga waisikia mara moja moja kwa mbali. Kwa hivo mtu akikwambia "watu wanataka nyepesi" muulize watu gani, na uliwapa nini kingine wakakataa?

Kijana wangu wa Malindi, fanya hivi. Kigumu kiweke cha pili. Usikiweke cha kwanza, watu bado waingia na kutafutana. Usikiweke mwisho, watu wawaza tuktuk na usingizi, huku kwetu wawaza mashua ya kurudi Shela. Kiwe kimoja, na mkipige chote, msikate kipande kwa woga. Kieleze kwa maneno machache, wapigie noti mbili tatu za kushika, halafu nyamaza upige, usije ukageuka mwalimu wa historia. Usiombe radhi kabla, hili nalirudia, ukisema "samahani kidogo hiki ni kizito" ushakiua mwenyewe kabla hujagusa waya. Baadaye mapumziko, kahawa tungu na halua, halafu hapo ndipo mlete tamu zenu, na kama kuna mpiga udi mwiteni akae nanyi mpige taarab ya kizamani, watu watawapenda mpaka mshangae. Na mfanye mazoezi ya kile kigumu mara mbili ya hizo nyingine, manake kigumu kikipigwa vibaya hata mimi nitatoka nje.

Vijana acheni kuwadharau watu jamani. Mnawaona hawa wavuvi, hawa mama wa mahamri, mwasema hawataelewa, nyinyi mliwapa mtihani lini wakaanguka? Mwenye masikio ana masikio. Mtu aliyezika mzazi wake aijua huzuni kuliko mwanafunzi wa chuo cha muziki, mpeni nafasi asikilize.

Na ile kamati yako, hao wa tamu tamu, usigombane nao, wape Mozart na wape zile za harusi sehemu ya mwisho, wewe shikilia hiyo nafasi ya pili tu. Mkichagua Shostakovich niandikie, noti ninazo za wote wanne. Selo kama hamna huko, wetu yuko tayari, atavuka Mokowe apande basi la asubuhi, nauli juu yenu, na selo ikatiwe kiti chake, haiwekwi chini kwenye buti.