Mimi napata 88, mdogo wangu 64: nani kakosea?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yetu ana miaka 71, anatumia digoksini kwa ajili ya moyo. Kliniki wametuagiza tumhesabie mapigo kila asubuhi kabla hajameza kidonge. Yakiwa chini ya 60 tusimpe, tupige simu kwanza. Jana nilipata 88, mdogo wangu papo hapo akapata 64. Tumwamini nani? – Mlezi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bado simwamini yeyote. 88 na 64 zote zinagawanyika kwa 4, kwa hiyo nahisi mlihesabu sekunde 15 mkazidisha. Kwa kijana mzima haina neno. Kwa mama yenu, pigo moja mlilokosa linageuka manne, na kutoka 64 hadi 60 ni pigo moja tu. Hesabuni dakika nzima, sekunde 60, kwa saa yenye mshale wa sekunde au ya kwenye simu.

Na wewe wa 88, ulitumia kidole gumba? Kina mshipa wake unaopiga; huenda ulihesabu moyo wako, tena wenye wasiwasi. Tumia kidole cha shahada na cha kati. Mama akae apumzike dakika 5, asiwe ametoka tu kupanda ngazi, mkono ulale mapajani kiganja kikitazama juu. Mshipa uko upande wa gumba lake, nyuma kidogo ya mkunjo wa kifundo. Gusa taratibu. Ukikandamiza sana unauziba, halafu unasema mama hana mapigo, nyumba nzima inalia bure.

Sikiliza pia mwendo wenyewe. Yakija ovyo, mawili haraka kisha kimya, andika hivyo kando ya namba. Moyo wa namna hiyo hupiga mengine dhaifu yasiyofika mkononi, kwa hiyo siku ya kliniki mwombe muuguzi asikilize kifuani huku wewe umeshika mkono, mlinganishe. Vile vipimo vya kubana kidoleni navyo hubabaika hapo.

Jambo moja hamkuniuliza: akianza kichefuchefu, kukataa chakula, kuona kila kitu kina rangi ya njano au kuzimia, msimpe kidonge kingine. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama mmehesabu 75.