Asilimia 15 ya komine yetu iko wapi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi hapa Lubumbashi katika komine yenye mgodi. Malori ya madini yanapita mchana na usiku, vumbi tunalimeza sisi. Radioni tulisikia kwamba sheria inaipa komine 15% ya pesa za madini, na kwamba kuna 0.3% nyingine. Lakini katika shule ya mtaa wetu watoto wangali wanaketi chini. Tulipoenda kuuliza, tuliambiwa pesa zote ziko Kinshasa. Ni kweli? Tuombe karatasi gani?

Jibu: Mama, si kweli, na inaniuma kwamba mlirudishwa nyumbani na jibu la namna hiyo.

Kifungu cha 242 cha sheria ya madini, iliyorekebishwa Machi 2018, kinagawa redevansi, yaani malipo ambayo kampuni inadaiwa juu ya thamani ya madini inayouza. Serikali kuu inachukua 50%, jimbo 25%, komine, sekta au usultani wenye mgodi 15%, na 10% inaenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Fungu la komine halipiti Kinshasa hata kidogo. Kampuni inalilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki iliyoonyeshwa na komine yenyewe.

Tupige hesabu. Shaba inatozwa 3.5%. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100, redevansi ni dola 3,500,000, na fungu la komine ni dola 525,000. Kobalti ilitangazwa mwaka 2018 kuwa madini ya kimkakati, kwa hiyo inatozwa 10%: kwa mauzo hayohayo, komine inapata dola 1,500,000. Ukijua bei ya dawati moja kwa seremala wa mtaani, utaelewa kwa nini nawaomba msiache kuuliza.

Ile 0.3% ni pesa nyingine kabisa, na watu wengi wanazichanganya. Inahesabiwa juu ya mauzo yote ya mwaka, na haiingii katika sanduku la komine wala la jimbo. Inasimamiwa na chombo maalumu ambamo wawakilishi wa kampuni wanaketi pamoja na wawakilishi wa jamii zinazoathirika na mgodi. Kwa dola milioni 100, ni dola 300,000 angalau. Tena kuna kaye de sharje, mapatano ambamo kampuni inaandika itakachojenga na lini. Kwa hiyo mkiona darasa jipya, ulizeni limejengwa na fungu gani, maana jengo moja linaweza kuhesabiwa mara mbili, mara kama kazi ya kampuni, mara kama kazi ya komine.

Sasa karatasi. Komine iombeni bajeti ya mwaka uliopita pamoja na hesabu za utekelezaji wake. Msikubali bajeti peke yake, maana hiyo ni makadirio tu. Katika hesabu tafuteni mstari wa redevansi ya madini upande wa mapato: safu moja inaonyesha kilichotarajiwa, nyingine kilichoingia kweli. Kisha mgeukie matumizi. Mkikuta mishahara, safari na mafuta ya magari vimechukua sehemu kubwa, na mstari wa shule una sifuri kwenye safu ya kilichotumika, mmeshapata swali lenu. Kampuni nayo iombeni bordero za benki, yaani karatasi za kuthibitisha malipo iliyoifanyia komine. Mkinyimwa, someni ripoti za ITIE, mpango wa uwazi ambao nchi yetu imo: zinatangaza malipo ya kampuni moja moja. Tarakimu ya kampuni na ya komine zisipolingana, tofauti hiyo ndiyo mtakayoiandikia barua.

Na barua hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Kifungu cha 24 kinawapa haki ya kupata habari; vitajeni vyote viwili. Pelekeni nakala mbili, na msitoke ofisini kabla nakala yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa miezi 3 inahesabiwa kuanzia siku hiyo. Nakala nyingine mpelekeeni mbunge wa jimbo na Korti ya Hesabu, inayokagua pesa za umma. Desemba 2023 tulipiga kura pia kuchagua washauri wa komine. Mshauri wa kwenu mpeni nakala yake mkononi.

Ombeni jambo moja au mawili yanayopimika: tarakimu iliyoingia mwaka fulani, na madawati mangapi yamepangwa kwa shule fulani. Ombi la “maendeleo” linajibiwa kwa maneno matupu.

Kwa kuwa ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa, mwombeni mwalimu awaandikie, lakini barua isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole pembeni ya jina lake na avenyu yake.