Kabla hujamcheka mwanao, toa picha zako za Idd

Ninayo picha ambayo kwa miaka mingi niliificha chini ya vyeti. Ilipigwa Mnazi Mmoja, Idd ya mwaka 2003, nikiwa na miaka 13. Nimevaa jinzi ya kiuno namba 40 wakati mimi 28 yenyewe ilikuwa inanipwaya. Mguu mmoja nimeukunja mpaka karibu na goti, mwingine unafagia chini. Kichwani kitambaa, juu ya kitambaa kapelo, nayo nimeigeuza upande. Halafu shavuni, chini ya jicho la kushoto, plasta.

Sikuwa nimeumia. Wa rika langu mmeshaelewa. Nelly, yule rapa wa Marekani, alikuwa haonekani bila plasta shavuni, basi mtaa mzima wa kwetu Temeke ukajaa majeruhi. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba aliibandika kumkumbuka mwenzake wa kundi aliyekuwa amefungwa. Sisi hatukuwa na mtu gerezani. Tulikuwa na duka la dawa linalouza plasta moja moja.

Jinzi niliitoa soko la Karume, kwa hela niliyodunduliza mfungo mzima. Pale mitumba huivai kuijaribu, unazungushiwa kiuno cha suruali shingoni; kikikutana vizuri, inakutosha. Yangu ilinizunguka shingo na kubaki. Muuzaji akaniambia, "Dogo, humu mnaingia wawili." Nikamwambia hiyo hiyo.

Siku ya Idd, kushuka tu kwenye daladala, nikaukanyaga ule mguu unaofagia. Mkono mmoja nimeshika bomba, mwingine nimeshika kapelo, suruali haina wa kuishika. Ilishuka mpaka magotini. Konda akagonga bodi, akapaza sauti, "Subiri dereva, kuna mtu anavaa!" Mama mmoja mwenye kikapu akaniuliza kwa huruma kabisa kama ni ya baba yangu.

Hilo nililisahau jioni ile ile. Ambalo sikulisahau ni la nyumbani. Baba hakunigombeza. Alicheka, akawaita wageni waliokuja kula pilau: "Njooni muone gunia lina miguu!" Wakaja na sahani zao mkononi. Picha ilipotoka kusafishwa wiki mbili baadaye, sikumwonyesha mtu.

Aliyeniokoa ni baba mkubwa, ingawa alichelewa miaka kadhaa. Siku moja alitoa albamu yake: nywele za afro, viatu vya raizoni vyenye soli kama tofali, na bugaluu pana chini kuliko sketi ya shangazi. Pembeni yake, kwenye picha hiyo hiyo, amesimama baba. Bugaluu yake ni pana zaidi! Baba mkubwa akanisimulia kwamba kabla ya hapo waliwahi kuhangaishwa kwa sababu ya suruali nyembamba. Januari 1969 Vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana, wakapiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kwa hiyo waliobana waliambiwa wanaiga wazungu, mimi wa mlegezo nikaitwa gunia, na wadogo zangu walipokuja na modo za kubana, wazee wale wale wakauliza mnapumulia wapi humo.

Sasa nina mtoto wa kiume wa miaka 13, naye anataka bwanga, suruali pana. Ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu ni huu: nguo na nywele mwachie, lakini mpe kiasi. Mimi nampa 20,000, namwambia twende Karume tukachague. Anayechagua ni yeye, mimi nakagua zipu na mishono tu. Akinunua kituko, hela yake imekwenda, mwezi huu hakuna nyingine. Nimeona anakuwa makini kuliko ninavyomchagulia mimi.

Pa kukaza ni ngozi na mwili. Dada yangu alipaka dawa ya nywele akaiacha kichwani muda mrefu, eti zilainike kama za kwenye kasha, akatoka na vidonda ambavyo alama yake ipo mpaka leo. Mkorogo wa kujichubua ndio usiseme. Jinzi unavua, hivyo havivuliki. Kuhusu kiduku na panki sigombani na mtu, nywele zinaota, labda shule ndiyo itasema.

Na akitoka chumbani amevaa hivyo, usiwaite watu. Kama lazima ucheke, ingia jikoni. Mimi huwa naenda kuangalia kama maji yamechemka.

Juzi alitaka bwanga ya pili, tukaanza kuvutana, nikaamua kumtolea ile picha. Nilijiandaa kwa kicheko. Aliishika karibu na dirisha, akaiangalia kwa muda, akauliza, "Baba, hii suruali bado ipo?"

Nikamwambia bibi yake aliikata akafanya madekio. Alisikitika kweli. Kisha akasogeza picha karibu na macho.

"Na hapo shavuni uliumia?"

Nikamwambia turudi kwenye habari ya suruali.