Pima ruta yako chumba cha mwisho, saa mbili usiku

Mama yangu analala chumba cha nyuma, kile kilichopakana na bafu na jiko. Kila Ijumaa baada ya isha huongea kwa video na dada yangu aliyeko Maskati, na kwa karibu mwaka mzima mazungumzo yao yalikuwa ni "Haloo, wanisikia? Haloo?" Picha inaganda, sauti inakatika, mwishowe mama anajikokota hadi sebuleni kwenye kelele za televisheni na wajukuu, simu kaielekeza kwenye ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai. Wakati huo nilikuwa nalipia faiba ya megabiti 50 kwa sekunde. Nilimpigia mtoa huduma mara nne, mara zote nne akanijibu kwamba laini iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa.

Kasoro ilikuwa kwenye ruta, na kwenye namna nilivyoichagua na kuiweka. Tangu hapo nimeshasaidia kuchagua ruta za nyumba saba, za ndugu na za majirani hapa Tabata, na kuna jambo moja ambalo natamani ningeambiwa kabla sijatoa hela: ruta haipimwi kwa namba ya kwenye boksi, wala kwa spidi unayoipata ukiwa umesimama kando yake. Inapimwa chumba cha mwisho, saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani.

Nianze na hiyo namba ya kwenye boksi, maana ndiyo inayouza. Yangu iliandikwa AC1200, na muuzaji Kariakoo akanihakikishia kwamba "inakwenda mpaka elfu moja na mia mbili". Hiyo 1200 ni megabiti 300 za bendi (yaani safu ya masafa ya redio) ya gigahezi 2.4 zilizojumlishwa na 867 za bendi ya gigahezi 5, kisha hesabu ikazungushwa juu. Lakini simu yako inashika bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo hakuna kifaa nyumbani kitakachoiona. Hata hizo 867 ni za kwenye karatasi. Ukipata nusu yake ukiwa chumba kimoja na ruta, shukuru.

Igeuze ruta uangalie mgongoni. Matundu ya waya ya ruta nyingi za bei nafuu yana mwisho wa megabiti 100, hata kama boksi linatangaza 1200. Jirani yangu alinunua kifurushi cha megabiti 200 na kila akipima anapata 94. Asubuhi 94, usiku wa manane 94. Ukiona kipimo kinagota hapo kila siku, usitafute mchawi: ama tundu la ruta ni la 100, ama waya umekatika nyuzi na umebakiwa na jozi mbili zinazofanya kazi kati ya nne. Yeye lilikuwa tundu. Kwa kifurushi changu cha 50 hilo halikunidhuru, ila leo sinunui ruta isiyo na matundu ya gigabiti.

Antena nazo zisikubabaishe. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo kilichowekwa kisheria, kwa hiyo ruta yenye antena sita haina ruhusa ya kupiga kelele mara sita. Halafu mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta inaweza kupaza sauti ikasikika mpaka uani, lakini simu inajibu kwa kunong'ona, na ruta isipousikia mnong'ono huo hakuna kitakachopita. Ndiyo maana unaona alama ya waifai imejaa, na ukurasa haufunguki.

Jioni moja nilichukua daftari, nikaweka kwenye simu programu ya bure inayoonyesha nguvu ya mawimbi, nikazunguka nyumba nzima. Programu hizo hutoa desibeli kwa namba hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa bendi ya 5 niliandika hivi: sebuleni hasi 42, koridoni hasi 58, mlangoni kwa mama hasi 71, kitandani kwake hasi 83. Kwa simu ya video mimi nataka isishuke chini ya hasi 67. Ikifika hasi 80 na kitu, unaongea kwa kubahatisha.

Kisha nikasimama koridoni nikajiuliza mawimbi yanapita wapi. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, chini, kwenye meza. Ili mawimbi yafike kitandani kwa mama ilibidi yapenye televisheni yenyewe, ukuta wa tofali za saruji, bafu lenye vigae na kioo kikubwa, na pipa la maji la lita 200 tunalolijaza siku maji yakitoka. Maji hunywa mawimbi haya vibaya sana, na kioo kina utando wa chuma nyuma yake. Bendi ya 5 ina spidi lakini haipendi kuta. Ile ya 2.4 inapenya vizuri zaidi, ila ni ya polepole na inagombaniwa na mtaa mzima.

Nilinunua waya wa mita 15, nikaupitisha juu ya dari, nikaihamishia ruta koridoni kwenye rafu ya mbao juu ya usawa wa milango. Kitandani kwa mama namba ikapanda mpaka hasi 64. Ruta ni ileile, kuta ni zilezile. Kwa hiyo kabla hujailaumu ruta, ihamishe. Kwangu waya na vibanio vyake havikufika hata robo ya bei ya ruta mpya.

Nilidhani nimemaliza. Ijumaa iliyofuata, mama na dada wameanza vizuri tu, saa mbili na nusu mwanangu akatuma video ya mpira kwenye kundi lao la shule. Sauti ya dada ikaanza kukatika. Mawimbi yalikuwa mazuri, spidi ipo, na bado ikakatika.

Hapa ndipo penye siri ambayo maboksi hayaitaji. Data zote zinazotoka nyumbani hupanga foleni ndani ya ruta zikisubiri kupanda. Vifurushi vingi hutoa nafasi ndogo ya kupandisha, yaani kutuma, kuliko ya kushusha, yaani kupokea. Changu kilikuwa megabiti 10 tu. Mtu akituma video, au simu ikianza kuhifadhi picha mtandaoni yenyewe, foleni inajaa. Sauti ya mama ni kijifurushi kidogo sana, lakini kinasimama nyuma ya malori yote. Nilipima: nyumba ikiwa kimya, jibu lilikuwa linarudi kwa milisekunde 18. Video ikiwa inapanda, milisekunde 640. Mazungumzo ya kawaida yanaanza kuharibika sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mtu anadhani mwenzake amenyamaza, anaanza kusema, wanagongana.

Hili unaweza kulipima leo bila kununua chochote. Fungua fast.com, ukibonyeza maelezo zaidi itakuonyesha namba mbili za ucheleweshaji: mtandao ukiwa hauna kazi na ukiwa umelemewa. Zikikaribiana, ruta yako inajua kupanga foleni. Ya pili ikiwa mara kumi au ishirini ya kwanza, umeshampata anayekata simu zako.

Dawa yake ni ruta yenye usimamizi wa foleni. Kwenye menyu itaandikwa SQM, au QoS yenye nafasi ya kujaza spidi ya kushusha na ya kupandisha. Unaiwekea kama asilimia 90 ya spidi yako halisi, ili foleni ibaki ndani ya ruta inakoweza kupangwa vizuri, isiende kujaa kwenye kifaa cha mtoa huduma. Mbinu nzuri zinaitwa fq_codel na CAKE, na zote zimo kwenye OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza 2004 kutokana na msimbo wa ruta maarufu ya Linksys, WRT54G. Mimi sasa natumia OpenWrt. Ukitaka njia hiyo, soma orodha ya modeli zinazokubali kabla ya kwenda dukani, na uangalie hata toleo la modeli lililoandikwa chini ya ruta, maana modeli yenye jina lilelile inaweza kuwa na chipu nyingine kabisa. Jambo jingine: kazi hii inakula prosesa. Kwa megabiti 50 ruta ya kawaida inaiweza. Kwa 500 utahitaji yenye misuli.

Baada ya kuweka SQM, ule ucheleweshaji wa 640 haujawahi kuvuka 45. Kwangu mimi sifa hii inatangulia spidi, inatangulia antena, inatangulia kila kitu.

Je, ununue ruta ya Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha waifai? Nasema ndiyo kama unanunua mpya, na sababu yangu si ile inayotangazwa. Ruta za AC, yaani Wi-Fi 5, ziliboresha bendi ya 5 peke yake. Kwenye 2.4 bado zinatumia teknolojia ya 2009. Wi-Fi 6, iliyoanza kupewa vyeti 2019, iliboresha bendi zote mbili na kujifunza kuhudumia vifaa vingi kwa mpigo, kwa hiyo hata chumba cha mbali kinachotegemea 2.4 kinafaidika, mradi simu yenyewe iwe inaikubali. Wi-Fi 7 ilianza vyeti 2024. Kwa nyumba ya kawaida yenye faiba ya megabiti 50 au 100 sioni sababu ya kuilipia sasa.

Kama unaishi nyumba za kupanga zilizobanana, fungua ileile programu ya kupima uone waifai za majirani. Mimi nilihesabu 23. Bendi imegawanywa vipande viitwavyo chaneli. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Ukijiweka kwenye 3 au 4 ukidhani umejitenga, unasumbuliwa na wa 1 na wa 6, na wewe unawasumbua.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vya kuongeza mawimbi sivipendekezi ila kwa shida. Vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo spidi inakatika nusu. Mwenye nyumba ya ghorofa avute waya hadi juu na kuweka ruta ya pili huko. Slabu ya zege yenye nondo haibembelezwi.

Usalama una mambo machache, ila usiyaruke. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwenye waifai kwa kitufe au kwa namba fupi. Namba yake ya siri ina tarakimu nane, lakini ruta huihakiki vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo mtu anahitaji kubahatisha mara 11,000 tu badala ya mamilioni. Udhaifu huo ulitangazwa 2011 na bado nakuta WPS imewashwa kila nyumba. Badilisha neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe, lile la kiwandani. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka vifaa vingi mno duniani, zikiwemo ruta, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Na kabla ya kulipa, ingia tovuti ya mtengenezaji utazame tarehe ya mwisho aliyotoa maboresho ya modeli hiyo. Ikiwa ni miaka minne iliyopita, iache dukani hata kama bei inavutia.

Kuna siku ruta haina kosa lolote. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu ikadhoofika kwa siku kadhaa, na namjua mtu aliyenunua ruta mpya wiki hiyohiyo. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye waya wa mtoa huduma, upime. Kama na hapo ni pabaya, tunza hela yako.

La mwisho ni umeme. Ruta ya nyumbani haili umeme mwingi, yangu na kile kisanduku cha faiba kwa pamoja ni kama wati 10. Nilinunua betri ndogo ya ruta iliyoandikwa 8800 mAh. Namba hiyo ni ya seli za volti 3.7, kwa hiyo ndani yake kuna kama wati-saa 32, na baada ya upotevu napata karibu saa mbili na nusu. Soma adapta zako kwanza: ruta nyingi ni volti 12, nyingine 9, na ukikosea unaiunguza.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika saa mbili na robo. Nilitoka na tochi kwenda kuangalia chumba cha nyuma. Mama alikuwa ameegemea mto, uso unamulikwa na simu, na dada anamuuliza kutoka Maskati mbona amekaa gizani.