Nahama mwisho wa mwezi, depoziti yangu nitaipataje?

SWALI: Shikamoo anti. Naomba unisaidie maana hata usingizi sipati. Nimepanga fleti miaka mitatu sasa, chumba na sebule, na kodi sijawahi kuchelewesha hata mara moja. Mwisho wa mwezi nahama. Jana nikampigia mwenye nyumba nikamuulizia depoziti, akanijibu tu "tutaona kwanza nyumba ikoje", basi hapo ndo roho ikaanza kunidunda, manake jirani yangu wa juu alipohama alikatwa karibu yote, wakasema eti rangi na usafi. Mimi ukutani nina matundu kama sita ya misumari, halafu upande wa dirishani rangi imepauka, na mlango mmoja wa kabati la jikoni bawaba imelegea tangu naingia ila sikuandika popote. Marafiki wananiambia nisilipe kodi ya mwezi wa mwisho, depoziti ijilipe yenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la marafiki zako kwa sababu ndo litakaloharibu mengine yote: usiache kulipa kodi ya mwisho. Depoziti ni dhamana, na ni hela yako bado, yeye ameshikilia tu. Ukiacha kulipa, siku hiyo hiyo wewe ndo unakuwa mdaiwa, na ile miaka mitatu ya kulipa vizuri inafutika kwa mwezi mmoja. Anaweza kukudai kodi, anaweza kukudai na matengenezo juu yake, na huko unakohamia wakimpigia simu kuulizia habari zako unajua atasema nini. Labda kama mkataba wenyewe unasema depoziti ndo kodi ya mwisho, au amekubali mwenyewe kwa maandishi. Kwa mdomo haitoshi.

Sasa tafuta mkataba wako leo, usome ule ukurasa ambao hakuna mtu huwa anausoma. Angalia notisi ni siku ngapi na inatolewaje, angalia wamesema nini kuhusu kupaka rangi, kuhusu usafi, na depoziti inarudi ndani ya siku ngapi. Kama notisi ulimpa kwa simu tu, iandike tena hata kama anajua tayari, weka tarehe ya kuhama, tuma kwa njia ambayo itabaki na kumbukumbu.

Halafu kuna neno moja nataka ulishike, uchakavu wa kawaida. Nyumba ikikaliwa inachakaa, hata ungekuwa unatembea kwa kunyata. Rangi kupauka kwa jua la dirishani ni uchakavu. Zulia kulala pale watu wanapopita kila siku ni uchakavu, kitasa kulegea kwa kutumika ni uchakavu, na kodi uliyokuwa unalipa ndo inabeba hayo. Uharibifu ni kitu kingine, ni kioo kilichopasuka, mlango uliotobolewa, sinki lililovunjika, doa la wino kwenye zulia. Na hata ukiwa umeharibu kweli, sio kwamba unamnunulia kipya. Tuseme zulia la kudumu miaka 10 limeshatumika miaka 8, lilichobakiza ni miaka 2, kwa hiyo cha haki kudaiwa ni sehemu moja ya tano ya bei, sio zulia zima. Ukiambiwa ulipe kitu kizima uliza kilinunuliwa lini. Watu wengi hawaulizi, wanalipa tu.

Kwa upande wako, rangi iliyopauka usiiguse. Matundu ya misumari ni madogo, wengine watasema ni uchakavu wengine watabisha, ila kwa matundu sita sioni sababu ya kubishana. Chukua filla kidogo, ile dawa ya kuzibia matundu ukutani, sukuma ndani kwa kisu bapa, acha ikauke vizuri, pitisha msasa laini mpaka mkono usisikie kitu. Kosa ninaloliona sana ni mtu kupaka juu yake rangi yoyote nyeupe aliyoipata, ukuta unabaki na mabaka sita yanayoonekana toka mlangoni, bora hata lile tundu. Kama huna rangi ile ile kabisa muulize mwenye nyumba ni ipi, au uache filla ilivyo.

Bawaba nayo, kwanza jaribu kukaza skrubu. Ikizunguka tu bila kushika, ujue tundu la mbao limepanuka, ingiza njiti mbili tatu za kiberiti zenye gundi ya mbao, zikikauka kata zinazotokeza halafu rudisha skrubu, itashika. Lakini pia fungua simu yako uende mpaka kwenye picha za mwezi ule ulioingia. Sio lazima uwe ulipiga picha ya kabati, pengine kuna mtu alipiga picha amekaa jikoni na nyuma yake ule mlango unaonekana umeinama. Hiyo ni ushahidi, itunze.

Nakusisitizia picha kwa sababu mimi nilishaumia. Nyumba yangu ya pili kupanga, chumbani kulikuwa na alama ya pasi kwenye zulia, imechora pasi nzima na ile ncha yake ya mbele, ya kahawia, nyuzi zimegandana. Niliikuta. Siku ya kwanza nikaweka kitanda juu yake nikasahau kabisa. Siku ya kuhama kitanda kimetoka, alama ile pale, mwenye nyumba amesimama ameikodolea macho na mimi sina picha wala karatasi, nina maneno tu. Nilikatwa. Mpaka leo nikiingia nyumba mpya naanza na picha kabla hata sijashusha begi.

Kwa hiyo ukishatoa vitu vyote na kusafisha, mchana kukiwa na mwanga, chukua video moja bila kukata, anzia mlango wa nje, ingia kila chumba, kona zote nne, dari, sakafu, fungua makabati, fungua friji na oveni kama ni za nyumba, washa taa, fungua bomba, flashi choo. Kisha picha za karibu za kila kitu chenye utata. Piga na mita za umeme na maji namba zisomeke. Mwisho weka funguo zote kiganjani, zihesabike, piga picha. Na jambo ambalo wengi hawalijui, faili la picha linabeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, ila ukiituma kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp taarifa hizo huondolewa na picha inabanwa. Zitume kwa barua pepe au kama dokumenti, na za awali usizifute kwenye simu mpaka hela iwe mkononi.

Usafi ndo wanapokatia wengi, na sio sakafu maana sakafu kila mtu anapiga deki. Ni mafuta ndani ya oveni, juu ya makabati, mipira ya mlango wa friji, na ule ukoko mweupe wa chokaa kwenye bomba na shawa. Chokaa hiyo inatoka kwa siki, lowesha kitambaa, kizungushie bombani nusu saa, utaikwangua kwa mswaki wa zamani. Ila siki usiiweke kwenye jiwe halisi la marumaru, inalila. Na tafadhali sana usichanganye siki na dawa yenye klorini, inatoa gesi ya sumu, na bafu ni dogo.

Usingoje siku ya mwisho kukagua. Muombe mwenye nyumba aje wiki moja au mbili kabla, muambie: "Naomba tupite pamoja unioneshe unachotaka kirekebishwe, nikirekebishe mwenyewe kabla sijatoka." Ukirekebisha mwenyewe unachagua fundi na bei, akirekebisha yeye anachagua kwa hela yako. Siku ya kukabidhi pitieni tena, muandike hali ya nyumba, namba za mita na idadi ya funguo, msaini wote. Akikataa kusaini usigombane, mtumie maelezo hayo na picha jioni ile ile. Funguo mpe mkononi na akuandikie kuwa amepokea, manake zikibaki kwako anaweza kusema hujahama. Na karatasi inayosema huna madai yoyote usiisaini kabla hujaona hela.

Akikata, omba kwa maandishi mchanganuo wa kila kitu na risiti au makadirio ya fundi. "Usafi na rangi" kwa jumla sio mchanganuo. Sehemu isiyo na ubishi muombe aitoe sasa, uipokee huku ukiandika kwamba iliyobaki bado unaidai. Akinyamaza, mpe tarehe, halafu peleka kwenye chombo cha migogoro ya upangaji au mahakama ya madai madogo ya kwako, na faili lako hilo mkononi.

SWALI: Dada, mimi nakaa na wenzangu wawili, mkataba mmoja. Mimi natoka, wao wanabaki. Mwenye nyumba anasema depoziti yangu nimdai anayekuja kuchukua chumba. Ni sawa?

JIBU: Inawezekana kabisa mdogo wangu, mkataba ukiwa mmoja depoziti huwa inarudi nyumba nzima ikiachwa wazi, kwa hiyo anayeingia anakulipa wewe na anachukua nafasi yako. Lakini sio mpeane hela mkaachana hivyo hivyo. Mwambie mwenye nyumba aandike kwamba jina lako limetoka na la mwenzio limeingia, na sehemu ya depoziti sasa ni yake. Bila hivyo hao waliobaki wakivunja kitu mwakani, wewe utatafutwa. Na huyo anayeingia mpitishe nyumba nzima na simu mkononi kabla hajakulipa, kama kuna mlango uliovunjwa enzi zako akate gharama yake hapo hapo, usimuachie mwenzio deni asilolijua.