Jozani na mtembezaji wako mwenyewe: anza na kalenda ya mwezi

Watu wengi wakipanga safari ya msitu wa Jozani, Unguja, huanza na gari, kisha chakula, kisha nani aende na nani abaki. Saa ya kufika huachwa ijipange yenyewe. Mwisho wake wanaingia lango la hifadhi saa 6 mchana: jua la utosi, magari ya wageni yamejaa, kima wameshashiba na wanasinzia. Ukimlipa mtembezaji awe wako peke yako, kikubwa ulichonunua ni saa. Hungojei kundi la watu wengine na hufuati ratiba ya basi la hoteli. Basi ipange saa kwanza, mengine yaifuate.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar. Ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 50, na lango lake liko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini Unguja. Matembezi ya kawaida yana sehemu tatu: mashamba yaliyo karibu na lango ambako kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wamezoea watu, msitu wenyewe, na mikoko ya upande wa kijiji cha Pete. Kila sehemu ina saa yake, na yenye masharti zaidi ni mikoko, kwa sababu inafuata bahari.

Hapa ndipo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inapofanya kazi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya kufika 15, bahari huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na hutoka sana. Kwetu Unguja bamvua hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukifika 8 au 9, na tena 23 au 24, ni maji mafu: hujaa kidogo na hukupwa kidogo, na kujaa kwenyewe huangukia kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Kwa hiyo anayekwenda mara ya kwanza achague tarehe 2 hadi 4 ya mwezi, au 16 hadi 18. Aanze na kima saa 1 na nusu au 2 asubuhi, aingie msituni, kisha afike mikokoni maji yakiwa yanamalizikia kutoka. Ndani ya mikoko maji huchelewa kidogo kuliko ufukweni wazi, kwa hiyo usiwe na haraka. Ila uliza mapema saa ya kufunguliwa lango siku hiyo, usije ukasimama nje na watoto.

Kwa nini maji yakupwe? Kwa sababu mikoko husomwa kwa mizizi yake, na mizizi huonekana tope likiwa wazi. Mkoko wenyewe husimama juu ya magongo yaliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vijiti vyembamba vinavyochomoza kutoka topeni kama penseli, maelfu, ili mti uvute hewa. Muia una mizizi iliyokunjwa kama magoti. Tazama pia mbegu ya mkoko inavyoning'inia: si tunda la kawaida, ni mche ulioanza kuota ukiwa bado juu ya mama yake, mrefu, wa kijani, ncha yake chini. Ukianguka tope likiwa wazi, husimama papo hapo. Na ukitulia dakika 5 bila kutikisa mbao, kaa wadogo watatoka mashimoni, dume na gando moja kubwa kuliko jingine, analipunga hewani. Ukipiga hatua moja wote wanarudi ndani, unaanza kuhesabu upya.

Njia ya mikokoni ni ya mbao, na mbao za pwani huoza na kuteleza. Kanyaga palipo na vichwa vya misumari, maana chini yake ndipo ilipo boriti. Mtoto ashikwe mkono. Ndara hapa ni hatari.

Kima punju hawa hawapatikani kwa asili mahali popote duniani isipokuwa kisiwa cha Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani yake. Mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, nywele nyeupe zimeuzunguka uso. Mtazame mkono anapovuta tawi: kidole gumba ni kama hakipo, hukamata kwa vidole vinne kama ndoana. Asubuhi wanakula, na chakula chao kikubwa ni majani machanga, maua na matunda mabichi. Hupenda majani ya miembe na ya miti ya mikungu, na majani hayo yana sumu kidogo ndani yake, ndiyo maana utawaona wakiguguna makaa kwenye vigogo vilivyoungua au palipochomwa mkaa: makaa hunyonya zile sumu. Mwombe mtembezaji akuoneshe mahali wanapoyapata, maana wengi hupita bila kuuliza.

Hilo la chakula ndilo linaloeleza kwa nini ndizi uliyobeba ni balaa kwake. Tumbo la kima punju lina vyumba kadhaa na limejaa vijidudu vinavyochachusha majani. Matunda mabivu yenye sukari nyingi hulichafua tumbo hilo kwa tindikali na yanaweza kumuua. Chakula kibaki ndani ya gari, kimefungwa. Kuna kima wengine, wa kijivu na weusi, wanaotembea pamoja na punju. Hao ni wepesi sana wa kunusa mfuko.

Umbali: mita 3, yaani hatua 4 hivi za mtu mzima, na zaidi ni bora. Hawa wa mashambani wamezoea, watashuka mpaka usawa wa kifua chako. Wakisogea wao, rudi wewe. Mafua yetu huwaambukiza, kwa hiyo mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani hata kama ameshalipiwa. Tunajua inauma kumwambia hivyo mgeni aliyetoka Pemba au Daresalama kwa ajili ya siku hiyo. Mwambie.

Majira. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo miezi mizuri: kukavu, hakuna joto la kuchosha. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, nenda alfajiri. Vuli si mbaya ukiwa na koti la mvua, kwani mvua zake ni za vipindi. Masika ni shida, kwa sababu maji ya ardhini ya msitu huu yako karibu sana na uso. Mvua ikishika, njia chini ya mitondoo na michikichi hugeuka bwawa, na mbu hawahesabiki. Ukilazimika, vaa mabuti ya mpira. Ramadhani inawezekana kabisa kwa mfungaji akiingia mapema na kuacha mikoko, ambayo haina kivuli cha kutosha. Ijumaa, hesabu muda wa kurudi kabla ya sala. Sikukuu za Idi usiende kabisa ikiwa unataka utulivu.

Mavazi ni suruali ndefu au bukta ndefu chini ya gauni, mikono mirefu, viatu vya kufunga na soksi. Chomeka suruali ndani ya soksi. Sababu yake ni siafu, hasa baada ya mvua. Ukigundua umewakanyaga, usisimame kuwatoa pale pale, maana msafara mzima uko chini ya miguu yako. Ondoka kwanza hatua 10, ndipo uanze kuwang'oa mmoja mmoja. Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtu. Dawa ya mbu ipakwe kabla ya kuingia. Manukato yaache nyumbani siku hiyo.

Darubini ukiipata kwa kuazima, tafuta iliyoandikwa 8×42. Inayokuza mara 12 hutetemeka mkononi na huonesha kiza chini ya miti. Kisha iweke sawa na macho yako nyumbani, usingoje msituni. Ziba jicho la darubini la kulia, angalia kuti la mnazi wa jirani kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka uone mishipa ya jani. Sasa ziba la kushoto, na bila kugusa gurudumu zungusha ile pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka jani lilelile litulie. Basi, kuanzia hapo unagusa gurudumu la kati tu. Asiyefanya hivi hulalamika kuwa darubini mbovu, na kima ameshaondoka. Kwa kamera na simu, zima mwanga wa kupigia picha.

Na mtembezaji, yamalizeni kabla ya siku: mko wangapi (msizidi 6, zaidi ya hapo wa nyuma hasikii kitu), mtakaa kwa muda wa saa ngapi (saa 3 zatosha kwa sehemu zote tatu), nani analipa kiingilio, na kama mtembezaji wa Mjini ataongezewa mwingine wa hifadhi langoni. Hapo ndipo watu hulipa mara mbili bila kujua. Wenyeji hawalipi sawa na wageni wa nje, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho chake. Omba matembezi yawe ya Kiswahili hata kama mna mgeni wa kutafsiriwa. Mtembezaji wa vijiji vya pale akisema kwa lugha yake atakutajia mti, dawa yake na boriti yake. Akilazimika Kiingereza, atakutajia jina tu. Swali la kwanza asubuhi liwe: kundi limelala wapi? Mwulize pia habari za paa nunga, paa mdogo wa msituni, lakini usimlaumu msipomwona, maana ni mnyama mwoga mno. Komba ni wa usiku, huyo apangiwe safari yake. Bakhshishi mpe mkononi, mwisho.

Dereva naye anahitaji maagizo. Barabara ya kusini inapita katikati ya makazi ya kima punju, na yale matuta ya barabarani yaliwekwa kwa sababu walikuwa wanagongwa. Msisimame barabarani kupiga picha. Na mmoja akivuka mbele yenu, gari lisimame lisiondoke: kundi laweza kuwa na kima 30 au zaidi, na wengine bado wako kichakani wanasubiri zamu yao.